Duka la Bwana Raza na kile ambacho mtaji haununui

RUBAVU – Bwana Raza ni mwenye duka mjini Unguja. Ana nyumba, ana fedha na ana heshima miongoni mwa watu wa jamii yake. Anapotaka mke, anazungumza na wazazi. Wazazi wanapima mambo, wanaridhika, na Yasmin, binti ambaye utoto haujamtoka, anakabidhiwa kwa mwanamume mwenye umri wa kumzaa. Katika makubaliano hayo kila mtu alipata alichokitafuta, isipokuwa mmoja ambaye hakuulizwa.

Ndivyo inavyoanza Vuta N'kuvute, riwaya ya Mzanzibari Adam Shafi iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Tangu hapo imekuwa miongoni mwa riwaya za Kiswahili zinazojulikana zaidi. Wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania wameisoma na kuifanyia mtihani. Mwaka 2021 filamu iliyotokana nayo, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilioneshwa katika tamasha la kimataifa la filamu la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaituma kushindania tuzo ya Oscar.

Kitabu hicho kina mengi ndani yake: utawala wa Mwingereza, ubaguzi wa rangi, makachero na harakati za kudai uhuru. Lakini mlango wake unafunguliwa na swali la nyumbani kabisa: je, mali inaweza kuleta mapenzi na furaha?

Swali hilo lina wenyewe Rubavu.

Asubuhi ya Petite Barrière

Anayetaka kuwaona afike alfajiri kwenye mpaka mdogo, ule ambao watu wa Gisenyi na Goma wote huuita Petite Barrière. Kabla ya janga la Korona, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka hapo kila siku, wengi wao wanawake. Kutoka Rubavu hupita karoti, vitunguu, kabichi, viazi, nyanya, maziwa na nyama. Kutoka Goma hurudi vitenge, viatu, vipodozi na bidhaa nyingine za dukani. Mizigo hupandishwa kichwani, mgongoni, au kwenye baiskeli zinazosukumwa na watu wenye ulemavu. Lugha inayosikika zaidi ni Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017.

Hapa kila faranga ina kazi yake. Mtaji wa leo ndio chakula cha jioni, ada ya shule ya mwezi ujao na mchango wa kikundi cha kuweka akiba, kile ambacho upande huu huitwa ikimina na upande wa pili huitwa likelemba. Mtu anayeishi namna hii akiambiwa kwamba fedha si kitu, atacheka. Anajua nyumba isiyo na kitu inavyogombana. Anajua pia kwamba mchumba mwenye stoo na gari hupokewa ukweni tofauti na mchumba mwenye toroli.

Kwa hiyo msomaji wa mpakani hamchukii Bwana Raza kwa kuwa na duka. Anamwelewa. Na kwa sababu anamwelewa, ndiye anayeweza kuona vizuri mahali mwenye duka huyo alipokosea hesabu.

Biashara iliyokosa upande mmoja

Kila anayeuza na kununua anajua kwamba bei hupatikana kwa kuvutana. Mmoja anapandisha, mwingine anashusha, na kati yao kuna jambo moja linaloifanya biashara iwe ya haki: kila mmoja anaweza kuondoka. Mama mwenye karoti anaweza kubeba beseni lake akaenda kwa mteja mwingine. Mteja naye anaweza kugeuza mgongo. Anayelazimishwa kuuza hajauza, amenyang'anywa, hata akilipwa vizuri.

Raza alizungumza na watu ambao hawakuwa wenye mali. Wazazi wa Yasmin walimpa ruhusa yao, na ruhusa yao ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Hiari ya binti ilibaki kwa binti mwenyewe, haijaguswa, haijaombwa. Raza alirudi nyumbani akidhani amemaliza kazi, kumbe hajaianza.

Adam Shafi hakumchora Raza kuwa mtu katili. Mzee huyo anampenda mkewe kwa namna yake na anajitahidi kumridhisha. Hilo ndilo linaloifanya hadithi iume. Angekuwa mkatili, msomaji angesema ndoa ilivunjika kwa sababu ya fimbo. Hapa hakuna fimbo. Kuna mume mwenye uwezo, kuna nyumba isiyopungukiwa, na kuna msichana anayekauka ndani yake siku baada ya siku.

Mwishowe Yasmin anaondoka. Hana mtaji, hana kazi. Anarudi kwa watu wake na kukuta mlango umefungwa, kwa kuwa mke aliyemkimbia mume mwenye heshima ameitia aibu familia. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, upande wa mji walikoishi Waafrika wa hali ya chini. Kwa macho ya watu waliomlea, Yasmin ameanguka kutoka juu hadi chini. Yeye mwenyewe, katika chumba cha Mwajuma, anaanza kucheka.

Wahenga walisema radhi ni bora kuliko mali. Aghalabu methali hiyo hutajwa kuhusu radhi za wazazi. Yasmin alikuwa na ndoa yenye radhi za wazazi na mali za mume. Radhi iliyokosekana ilikuwa yake mwenyewe.

Mapenzi nayo yanakula

Kama riwaya ingeishia hapo, ingekuwa hotuba: maskini wana furaha, matajiri wana huzuni. Mfanyabiashara angeifunga na kurudi kwenye mzigo wake, kwa sababu anajua si kweli. Shafi anakwenda mbali zaidi.

Katika Ng'ambo Yasmin anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi kuupinga ukoloni. Hapo mapenzi yapo, na ni ya hiari ya wote wawili, Mhindi na Mwafrika, katika mji uliozoea kuwatenga. Lakini Denge hana nyumba ya kumpa wala muda wa kumpa. Polisi wa mkoloni wanamwinda, na moyo wake ameshauweka kwenye harakati. Anampenda Yasmin, ila si yeye anayekuja kwanza. Anafungwa, na baadaye anaondoka visiwani. Penzi lililoanza kwa uhuru halikuleta maisha ya kutulia.

Yasmin hatimaye anaolewa na Bukheti, kijana aliyefahamiana naye Mombasa. Bukheti si tajiri kama Raza wala si shujaa kama Denge. Ni mtu aliyemtaka na kuulizana naye, na safari hii jibu la Yasmin ndilo lililofunga ndoa.

Msomaji akiwaweka wanaume hao watatu kwenye mizani moja, anaona jambo ambalo kitabu hakilisemi kwa mdomo mpana. Raza alikuwa na mali bila hiari. Denge alikuwa na hiari bila nafasi ya kujenga nyumba. Mali peke yake ilishindwa, na mapenzi peke yake yalichoka. Kilichosimama ni makubaliano ya watu wawili walio tayari kubeba mzigo mmoja.

Kasri, shamba na magendo

Si mara ya kwanza Shafi kulipima jambo hili. Katika riwaya yake ya awali, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978 na ambayo wasomaji wa Kifaransa wanaijua kwa jina la Les girofliers de Zanzibar, tajiri ni Fuad, mrithi wa mashamba ya karafuu. Anatumikiwa na Kijakazi, mwanamke anayemhudumia kwa utiifu usiochoka na kulipwa dharau. Ukimtazama Kijakazi kwa mbali unaweza kusema anampenda bwana wake. Ukimtazama kwa karibu unaona kwamba hakuwahi kuwa na mahali pengine pa kwenda. Mtu asiyeweza kuondoka, utajuaje kama amebaki kwa mapenzi? Fuad anaishi akizungukwa na watumishi, na hana namna ya kujua ni nani angebaki naye kama asingekuwa na shamba.

Mbali na pwani yetu, Mmarekani F. Scott Fitzgerald alitoa mwaka 1925 riwaya ya The Great Gatsby, ambayo watu wa mpakani wangeitambua haraka kwa sababu moja: utajiri wa shujaa wake unatokana na magendo. Zilikuwa zama ambazo sheria ya Marekani ilipiga marufuku biashara ya pombe, na waliothubutu kuiuza kwa siri walitajirika. Jay Gatsby anajikusanyia mali, ananunua jumba kubwa na kufanya karamu usiku kucha, yote ili kumrudisha Daisy, mwanamke aliyempenda alipokuwa hana kitu. Daisy ameshaolewa na tajiri mwingine. Anavutwa na jumba, anavutwa na kumbukumbu, lakini siku ya kuamua hamfuati. Gatsby anapokufa, wale mamia waliokunywa vinywaji vyake hawaonekani mazishini.

Raza alidhani mapenzi yananunuliwa kwa wazazi. Gatsby alidhani yananunuliwa kwa kuonekana tajiri. Wote wawili walikuwa hodari wa kutafuta fedha, na wote wawili walipeleka fedha hiyo mahali ambapo haikubaliki, kama mtu anayevuka mpaka na noti zilizokwisha kuondolewa kwenye mzunguko.

Siku mali inapoondoka

Katika mji huu, swali la mali na mapenzi halibaki kitabuni, kwa sababu mali ya hapa inaweza kuondoka kwa siku moja. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya Goma na kufunika maduka na stoo za watu waliolala matajiri. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa ajili ya Korona, na wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakivuka kila siku wakajikuta wakila mtaji. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, na maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia Rubavu na walichoweza kubeba. Mapema mwaka 2025 vita vikafika mjini Goma, na risasi na makombora vikavuka hadi upande huu.

Kila tukio la namna hiyo huzifanyia ndoa mtihani ambao hakuna mshenga aliyeuandaa. Nyumba iliyosimama juu ya stoo huulizwa: stoo imeungua, sasa mnakaa pamoja kwa nini? Zipo nyumba zilizojibu vizuri, mume na mke wakaanza tena na beseni moja la nyanya. Zipo zilizokosa jibu. Katika kitabu, Fuad anaulizwa swali hilo na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, yanayomwondolea kasri na shamba. Anagundua kwamba mali ilikuwa imefanya kazi yote ya kumfanya apendeke, na yeye hakuwa amefanya yoyote.

Mtihani wa pili hufanywa na mafanikio. Mpaka umewapa wanawake wengi fedha ambazo mama zao hawakuzishika. Mke anayeondoka alfajiri na kurudi jioni na mtaji uliokua anaweza kuwa ndiye anayelisha nyumba. Ziko nyumba ambazo jambo hilo limeleta heshima mpya. Ziko nyingine ambamo mume huuona mkoba wa mkewe kama mshindani, na mke naye hujifunza kuficha faida. Hapo vuta nikuvute huhamia chumbani, na kila mmoja anashika ncha yake ya kamba akidhani anailinda nyumba.

Sheria inauliza walichosahau kumuuliza Yasmin

Yasmin wa riwaya hakuulizwa. Mchumba wa leo wa Rubavu anapaswa kuulizwa, tena mbele ya mashahidi. Katiba ya Rwanda inasema hakuna mtu, mwanamke au mwanamume, anayeweza kuozwa bila ridhaa yake ya hiari, na inatambua ndoa ya kiserikali ya mume mmoja na mke mmoja. Umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 21, ingawa sheria ya watu na familia ya mwaka 2024 imefungua njia kwa mwenye miaka 18 kuomba ruhusa kwa sababu za msingi.

Wachumba huulizwa pia kuhusu mali. Kabla ya kuandikishwa hutakiwa kuchagua mfumo mmoja kati ya mitatu: mali zote kuwa za pamoja, kuchangia zile watakazozipata ndani ya ndoa pamoja na zile walizokubaliana kuanza nazo, au kila mmoja kubaki na mali yake. Wengi hulipita swali hilo haraka, kwa haya au kwa haraka ya sherehe. Wapo wanaoona kwamba kulizungumza ni kukosa imani. Mfanyabiashara ndiye angepaswa kulikaribisha, kwa kuwa yeye ndiye anayejua methali ya mali bila daftari kupotea bila habari.

Upande wa Kongo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 nayo inatambua mifumo mitatu ya mali. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kuingia katika mikataba. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliliondoa sharti hilo na kuweka makubaliano ya wote wawili. Kwa mama wa Goma anayetaka mkopo au kibanda sokoni, badiliko hilo lina uzito wa fedha taslimu.

Mahari bado ipo pande zote mbili. Rwanda huitwa inkwano, na ng'ombe ndiye alama yake ya asili hata pale inapolipwa kwa faranga. Wazee wanaposimama kwenye gusaba na kuvutana kwa mafumbo na mzaha, kila aliyepo anajua kwamba ng'ombe ni shukrani na ni kifungo cha undugu kati ya familia mbili. Hatari huanza pale mtu anapomhesabu ng'ombe kama bei, kisha akamhesabu mke kama mzigo aliokwisha kuulipia ushuru. Huyo anakuwa amefungua tena duka la Bwana Raza.

Hesabu za jioni

Je, mali inaweza kuleta mapenzi na furaha? Riwaya hazijibu kwa ndiyo wala hapana. Vuta N'kuvute inaonesha kwamba fedha hufanya kazi nzuri mahali ambapo hiari imeshafika kabla yake. Hulipa ada, huezeka paa, huondoa ugomvi wa chumvi na sabuni, humpa mtu uwezo wa kubaki au kuondoka bila kuogopa njaa. Chumba cha Mwajuma kilimfaa Yasmin kwa sababu kilikuwa na paa, hata kama lilikuwa la umaskini. Bila paa hilo angerudi kwa Raza, na watu wangesema amerudi kwa mapenzi.

Mahali ambapo hiari haijafika, fedha haiwezi kwenda kuiita. Hiyo ndiyo hesabu iliyompita mwenye duka wa Unguja, ambaye bila shaka hakuwahi kukosea hesabu ya dukani.

Jioni, mpaka unapopungua watu na taa za Goma zinapoanza kuonekana kando ya Ziwa Kivu, wafanyabiashara wa Rubavu huketi kuhesabu mauzo ya siku. Wengine huhesabu peke yao, mlango ukiwa umefungwa. Wengine huhesabu wawili, mmoja akisoma noti na mwingine akiandika. Fedha inaweza kuwa ileile katika nyumba zote mbili. Aliyesoma habari za Yasmin anajua ni ipi kati yake ingebaki imesimama kama kesho mpaka ungefungwa.